Saa ya Mjomba na Mnara wa Mainflingen

Mjomba wangu alinipigia simu kutoka Tanga. Baada ya "shikamoo mjomba" na "marahaba mjomba, baridi inasemaje huko," akaingia kwenye shida yake. Alikuwa amenunua saa ya mkononi Kariakoo, saa ya chuma yenye mishale na kidirisha kidogo cha tarakimu, inayojichaji kwa mwanga. Muuzaji alimwapia kwamba kila usiku saa ile huzungumza na setilaiti, ikajirekebisha yenyewe, na kwamba haitakosea maisha yake yote. Ushahidi ni kamnara kadogo kanakowaka kwenye kidirisha.

"Sasa mjomba, huu mwezi wa tatu. Kamnara hakajawaka hata siku moja, na saa imeshaitangulia taarifa ya habari ya redioni kwa sekunde 40 na kitu. Wewe uko huko huko zinakotoka hizo ishara. Nimeuziwa mbovu?"

Huko anakokusema ni Offenbach, jirani ya Frankfurt. Kutoka kwangu hadi kijiji cha Mainflingen ni kama kilomita 20, na hapo ndipo ilipo milingoti mirefu inayorusha wakati wa Ujerumani. Nikipita na gari naiona, imeshikwa kwa kamba za chuma kama mashua iliyotiwa nanga shambani. Nimeishi karibu nayo miaka mingi, na miaka hiyo yote nimekuwa nikisikia maneno kuhusu saa hizi, kutoka kwa wauzaji, majirani na ndugu. Mengine yanawagharimu watu pesa. Mengine yanawafanya watupe saa nzima kabisa jalalani. Nilimjibu mjomba kwa simu kipande kipande, hapa nimeyapanga.

"Saa inapata wakati kutoka setilaiti."

Hapana, ila kwa aina moja ya saa, na hiyo si ya mjomba. Zipo saa za mkononi zinazosoma GPS. Seiko walitoa Astron yao ya GPS inayotumia mwanga mwaka 2012. Saa ya namna hiyo inataka kuiona mbingu: utoke nje au ukae dirishani. Bei yake pia huwa ya juu, na muuzaji hawezi kuisahau.

Saa ya kamnara inasikiliza redio. Redio hasa, ile ile ya mawimbi yanayotambaa juu ya ardhi kutoka kwenye mlingoti. Aliyelelewa nyumba yenye redio anajua jinsi wazee walivyorekebisha saa zao: unaisubiri taarifa ya habari, redio inalia pi, pi, pi, pi, pi, piii, na mlio wa sita unapoanza babu anaubonyeza ufunguo wa saa yake ndani. Milio ile ya BBC ilianza tarehe 5 Februari 1924. Saa ya kamnara inafanya kazi ya babu. Tofauti ni kwamba haihitaji mtu wa kuiamsha, na kituo inachokisikiliza hakina habari wala muziki, kina saa tu kuanzia asubuhi hadi asubuhi.

Mainflingen inarusha kwenye masafa ya kilohezi 77.5, kwa nguvu ya kilowati 50. Ukipiga hesabu, wimbi lake moja lina urefu wa karibu kilomita 4. Wimbi refu kiasi hicho halizuiwi na kilima wala msitu, linaufuata mviringo wa dunia na kuingia hata chumba cha kulala. Ndiyo sababu wataalamu walichagua mawimbi marefu badala ya FM. Wakati wenyewe unatoka kwenye saa za atomu zilizopo pale pale kituoni, chini ya usimamizi wa PTB, taasisi ya taifa ya vipimo iliyoko Braunschweig. Kwa hiyo aliyekuambia saa yako "ina atomu ndani" naye umsamehe. Atomu ziko kituoni, mkononi una sikio tu.

"Inafanya kazi popote duniani."

Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu hapa ndipo ndugu zangu wanapoibiwa.

Vituo ambavyo saa za kawaida zimetengenezwa kuvisikia ni sita, basi. Cha Mainflingen nimekwisha kukitaja. Cha Uingereza kiko Anthorn, kaskazini-magharibi mwa nchi, kilohezi 60. Kilihamia hapo mwaka 2007 kutoka Rugby. Cha Marekani kiko Fort Collins, Colorado, nacho ni kilohezi 60. Japani ina viwili, kimoja mlima Otakadoya huko Fukushima kwa kilohezi 40, kingine mlima Hagane kisiwani Kyushu kwa kilohezi 60. Cha sita kiko Shangqiu, China, kilohezi 68.5. Sanduku likiandikwa kwamba saa ina bendi sita, maana yake ni hivyo sita. Afrika yote, kutoka Cairo hadi Cape Town, haina hata kimoja.

Kituo cha Mainflingen kinahesabiwa kusikika vizuri hadi kama kilomita 2,000. Umbali huo unakufikisha Istanbul, na Tunis pia. Kutoka Mainflingen hadi Muscat ni zaidi ya kilomita 5,000. Hadi Nairobi ni zaidi ya 6,000, na hadi Dar es Salaam unakaribia 7,000. Mjomba angeipandisha saa yake juu ya mnazi na kuielekeza kaskazini mwaka mzima, isingesikia kitu.

Tena kuna jambo la pili. Saa nyingi za namna hii hazijaribu hata kusikiliza ukiziwekea mji ulio nje ya eneo la vituo. Ukichagua Nairobi au Jeddah kuwa mji wa nyumbani, saa inajua kwamba hakuna kituo cha kuusikia huko na inaliacha sikio lake limelala. Kamnara hakawaki kwa sababu saa haikusikiliza. Haya yote yameandikwa kwenye kijitabu kinachokuja na saa, na katika vijitabu vingi kuna ramani yenye duara zinazoonyesha kila kituo kinafika wapi. Muuzaji anayeuza saa ya bendi sita Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura anapaswa kuikunjua ramani ile mbele ya mteja. Saa ni nzuri, chuma chake kizuri, mwanga unaichaji. Iuzwe kwa sifa hizo.

"Ishara inaleta wakati wa mahali ulipo."

Hili nilisema nilieleze kwa kuifungua ishara yenyewe, maana ni kitu kizuri mno kukijua.

Mnara wa Mainflingen unavuma mfululizo. Kila sekunde inapoanza, mvumo unapungua ghafla, kama mtu anayeshusha sauti, kisha unarudi. Ukipungua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hiyo ni sifuri. Ukipungua kwa sehemu mbili za kumi, hiyo ni moja. Sekunde ya 59 haipunguzi kitu. Saa yako inapoamka usiku inalisubiri pengo hilo. Ikilipata inajua kwamba dakika mpya inaanza, na inaanza kuhesabu.

Kuanzia sekunde ya 21 zinakuja dakika. Kila sekunde ina thamani yake: 1, 2, 4, 8, kisha 10, 20, 40. Kama ni dakika ya 37, mnara unatoa moja kwenye 1, kwenye 2, kwenye 4, sifuri kwenye 8, moja kwenye 10, moja kwenye 20, sifuri kwenye 40. Jumlisha: 1 na 2 na 4 ni 7, 10 na 20 ni 30. Inafuata alama moja ya ukaguzi, ili saa ijue kama kuna tarakimu iliyoharibika njiani. Halafu saa, halafu siku ya mwezi, siku ya juma, mwezi, na tarakimu mbili za mwisho za mwaka. Barua nzima inachukua dakika moja, na dakika inayofuata inaandikwa upya. Saa yenye hekima haiamini barua moja. Inasoma mbili au tatu na kuzilinganisha, ndiyo maana kupokea kunachukua dakika kadhaa hata pale ambapo ishara ni safi.

Sasa angalia kilichomo: ni wakati wa Ujerumani, pamoja na alama inayosema kama wako kwenye majira ya joto au ya baridi. Tanga haimo. Wa Fort Collins wenyewe wanarusha wakati wa dunia, ule unaofuatwa na marubani, na kila mwenye saa ya ukutani kule Marekani inabidi aiambie mwenyewe kwa kitufe kama yuko ukanda wa Minneapolis au wa Seattle. Kwa hiyo ndugu wa Minneapolis anayelalamika kwamba saa yake mpya "imepokea ishara lakini imekosea saa mbili kamili" hana saa mbovu. Aitazame nyuma, kitufe cha ukanda hakijaguswa tangu kiwandani, na kiwandani walikiacha Pasifiki.

"Haikosei hata chembe ya sekunde."

Inakosea. Kati ya kupokea na kupokea, saa hii ni saa ya kwatsi kama nyingine. Kipande cha kwatsi kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kutetemeka huko kunaathiriwa na joto na baridi. Watengenezaji wengi wanaahidi kosa lisilozidi sekunde 15 kwa mwezi, kwenda mbele au kurudi nyuma. Saa inayopokea kila usiku inapata muda wa kukosea siku moja tu, yaani nusu sekunde au pungufu, na asubuhi imefutiwa deni. Isiyopokea inalimbikiza. Sekunde 40 na kitu za mjomba kwa miezi mitatu ni hesabu ya kawaida kabisa, na ndiyo iliyonihakikishia kwamba mashine yake ni nzima.

Safari ya wimbi yenyewe haina neno. Mwendo wake ni kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo mtu aliye kilomita 1,000 kutoka mnarani anachelewa kwa sehemu tatu na kidogo za elfu moja za sekunde. Jicho halikioni kitu hicho.

"Ikishindwa kupokea nyumbani, imeharibika."

Jirani yangu hapa Offenbach, dada mmoja kutoka Kisumu, alinunua saa ya ukutani ya redio kwa ajili ya sebule. Aliitia betri, na mishale ikaanza kukimbia yenyewe, ikazunguka, ikasimama wima saa sita kamili. Akaitundika. Asubuhi aliikuta pale pale, saa sita kamili. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu ilikuwa mezani kwangu ndani ya mfuko wa plastiki, na yeye ameshaamua kuirudisha dukani. Kilomita 20 kutoka mnarani, dada yangu! Akikosa yeye, nani atapata?

Nikaifungua mbele yake, maana nilitaka alione sikio. Nyuma ya sanduku la betri kuna kijiti cheusi, chembamba kama kipande cha penseli, kimeviringishiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Kijiti hicho ni cha feraiti, na ndiyo antena. Wimbi lina urefu wa kilomita 4 nacho kina urefu wa kidole, basi unaelewa kwamba kinanong'onezwa. Hakidaki umeme wa wimbi, kinadaka usumaku wake, na kwa hiyo kinajali kimeelekea wapi. Ubavu wa kijiti ukiutazama mnara, kinasikia. Ncha yake ikiutazama mnara, hakisikii karibu chochote.

Tukaiweka saa dirishani kwangu, ikiwa imelala tu. Dakika ya nne au ya tano mishale ikaanza kukimbia tena, ikapita saa saba, saa nane, ikapunguza mwendo, ikasimama mahali pake. Dada akatazama simu yake, akatazama saa, akaniambia, "Kumbe ni nzima."

Tulipokwenda kwake tukamwona mchawi. Saa ilitundikwa juu kidogo ya televisheni, na pembeni kulikuwa na mkanda wa taa za LED wenye transfoma ya bei rahisi. Nyumba za leo zimejaa vitu vinavyopiga kelele kwenye masafa ya chini: chaja za simu, transfoma za taa, kompyuta, maikrowevu, friji inapowaka. Televisheni za zamani za bomba zilikuwa balaa zaidi. Zile za Ulaya zilichora mistari 15,625 kwa sekunde. Zidisha mara tano, unapata 78,125, na hiyo ni jirani wa ukuta kwa ukuta wa 77,500 ya Mainflingen. Saa iliyowekwa juu ya televisheni ya namna hiyo ilikuwa kama mtu anayenong'onezewa pembeni ya mashine ya kukoboa.

Kisha kuna jengo lenyewe. Zege lenye nondo nyingi linamfungia mtu ndani ya kizimba cha chuma, na chumba cha chini ya ardhi ni kigumu zaidi. Tiba si ngumu. Sogeza saa mita 2 au 3 mbali na kila kitu cha umeme. Ipeleke kwenye dirisha la upande unaoelekea mnarani. Ikigoma, igeuze robo mzunguko na uijaribu tena usiku. Dada aliihamishia ukuta wa pili, wenye dirisha, na bado iko pale.

"Inasikiliza usiku kwa sababu watu wamelala."

Nusu ya hili ni kweli, kwa sababu televisheni na taa zilizozimwa zinanyamaza. Nusu ya pili iko juu mbinguni. Mchana jua linajenga tabaka la chini kwenye ionosfia ambalo linayameza mawimbi yanayokwenda mbali. Jua likizama tabaka lile linayeyuka, na mawimbi yanafika tabaka la juu zaidi linaloyarudisha chini kama mpira. Aliye mbali na mnara, kule Lisbon kwa mfano, anaupata usiku alioukosa mchana. Ndiyo maana saa nyingi zinaamka kati ya saa sita na saa kumi na moja usiku. Na kuna faida nyingine: Ujerumani inapobadili majira, inabadili usiku huo huo, kutoka saa nane kwenda saa tisa au kurudi. Saa inayosikiliza baada ya hapo inaamka na wewe ikiwa imekwisha kubadilika.

Kwa hiyo ukiivua saa yako ya mkononi, usiitupe kitandani karibu na simu inayochajiwa. Ilaze dirishani, namba 12 ikitazama nje, kama kijitabu chake kinavyoelekeza.

Mengine nitayapita haraka. Mawingu na mvua za kawaida hazilizuii wimbi refu. Radi ndiyo inayolivuruga, kwa kuwa radi nayo ni redio. Saa haimpelekei mtu yeyote habari za wewe uko wapi; ina sikio, mdomo haina, na kurusha kitu hadi Mainflingen kungehitaji mlingoti. Kusikiliza hakumalizi betri, kwani ni dakika chache kwa siku.

"Saa ya chuma haiwezi kupokea."

Hili lilikuwa na ukweli zamani. Chuma kinachoizunguka antena kinaunyonya usumaku ule mdogo kabla haujaufikia waya. Junghans walipotoa saa ya kwanza ya mkononi ya redio mwaka 1990, Mega 1, antena waliificha ndani ya mkanda. Citizen mwaka 1993 waliiweka katikati ya uso wa saa, imelala wazi kama daraja. Baadaye watengenezaji walijifunza kuipanga antena na chuma vikae pamoja, na leo saa za chuma kitupu zinapokea. Ya mjomba ni mojawapo.

"Ikishapokea, mishale haiwezi kudanganya."

Inaweza, na linawachanganya wengi. Ndani ya saa yenye mishale kuna vitu viwili: ubongo unaojua wakati, na mota zinazosukuma mishale. Ubongo unadhani mishale iko mahali fulani. Saa ikigongwa kwa nguvu, au ikikaa juu ya sumaku ya spika au ya mfuniko wa mkoba, mshale unaweza kuruka na ubongo usijue. Tangu hapo ubongo unapokea wakati sahihi kila usiku na mishale inauonyesha kwa kosa lile lile kila siku. Ukiona saa yako inapokea vizuri lakini imekosea daima kwa dakika ile ile, usiilaumu ishara. Tafuta kwenye kijitabu namna ya kuirudisha mishale kwenye 12. Nyingine zinajirudisha zenyewe.

"Mnara hauzimiki."

Unazimika. Dhoruba na mvua ya barafu zimewahi kuinyamazisha Mainflingen kwa muda, na Anthorn husimama kwa matengenezo yaliyotangazwa. Mfano unaoniuma ni wa Japani. Machi 2011, tetemeko na mawimbi ya tsunami yalipokiharibu kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, mnara wa Otakadoya ulikuwa ndani ya duara la kilomita 20 lililoamriwa kuhamwa. Mafundi waliondoka na wengine wote, na ishara ya kilohezi 40 ikakatika kwa wiki kadhaa, hadi Aprili. Saa za mashariki ya Japani zilizokuwa zimezoea kusikia kilohezi 40 zikabaki na kwatsi zao, zikiendelea kuhesabu. Zenye uwezo wa bendi mbili ziliutafuta mnara wa Kyushu usiku, na nyingine ziliupata.

"Programu ya simu inayorekebisha saa ni utapeli."

Hili ndilo swali ambalo mjomba hakuliuliza, nami nilikuwa na hamu ya kulijibu. Kuna programu za simu zinazodai kuiga mnara, na watu wanaojua redio kidogo huzicheka: simu haina mlingoti wa mawimbi marefu. Kweli haina. Lakini ina spika, na ndani ya spika kuna waya ulioviringishwa, na waya ulioviringishwa ukipitishiwa umeme unatoa usumaku. Programu inapiga mlio wa hezi 13,333. Mlio uliokandamizwa hadi mwisho wa sauti haubaki safi, unazaa vivuli vyake mara mbili, mara tatu. Zidisha 13,333 kwa tatu: unapata karibu 40,000, masafa ya mlima Otakadoya. Ni kivuli dhaifu kinachokufa baada ya sentimita chache. Kwa saa iliyolazwa juu ya spika, sentimita chache zinatosha. Simu inapata wakati wake kwenye mtandao, inauandika kwa barua ile ile ya sifuri na moja, na saa inaamini iko Japani.

Nikamwambia mjomba amwite mjukuu mwenye simu. Tukaiweka saa mji wa Tokyo, ili iamke na kulifungua sikio lake. Sauti ya simu hadi juu kabisa, saa juu ya spika, wasiiguse. Wajukuu wawili wakaziba masikio kwa ule mlio mwembamba kama mbu. Mjomba, mwenye miaka 70 na zaidi, hakusikia kitu, akawa anauliza kama imeanza. Nikawaambia wasubiri. Dakika ya tano hivi nikasikia kelele upande wa pili wa simu: "Babu, kamnara!" Mishale ilikuwa inazunguka.

Ilikuwa saa tatu na dakika chache usiku kwa Tanga, siku ya Alhamisi. Nikamweleza mjomba hatua iliyobaki: auondoe mji wa Tokyo, aweke Jeddah, ambayo saa zake ni sawa na zetu, na mishale itarudi nyuma saa sita. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Mjomba," akasema, "sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika saba."

"Na mshale uko kwenye tatu."

Sikuwa nimeliwaza. Tokyo imeitangulia Tanga kwa saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya namba zilizochapwa kwenye saa na hesabu yetu ya Kiswahili. Kwa mara ya kwanza tangu ainunue, mshale ulikuwa umesimama juu ya namba anayoitamka. Akaendelea kuikagua polepole, akakifikia kidirisha cha siku. Tokyo ilikuwa imeshavuka usiku wa manane, kwa hiyo kidirisha kilisema Ijumaa.

"Na imeandika Ijumaa," akasema. "Jua limeshazama, ni usiku wa Ijumaa. Iache hapo hapo."

Kila mwezi mjukuu anailaza saa juu ya simu, na Jeddah haijachaguliwa mpaka leo.